Mbwa wa Fundi

 

Wengine mmetuuliza kwa simu, wengine mmetuuliza kwa macho tu mlipokuja kuchukua nguo: ni kweli wale mafundi wamefuga mbwa? Ni kweli. Ana zaidi ya mwaka sasa. Tumechelewa kuliandika jambo hili kwa sababu tulijua litakuwa na maneno, na sisi riziki yetu iko kwenye nguo za watu, tena nguo za kusalia. Lakini maneno yameshatoka bila ya sisi kuyatoa, basi bora mlisikie kwetu.

Kwa asiyetujua, sisi ni ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mmoja anakata, mwenziwe anashona, na hata kuandika tunaandika hivyo hivyo, kwa hiyo mkisoma "sisi" msidhani tunajikweza. Tulimaliza skuli Wete, tukasomea ushoni, na sasa ni miaka kumi na kitu tunashona majuba, mabuibui na sare za wanafunzi. Cherehani zetu tatu ziko ukumbini kwa mama, upande wa Mtambwe. Nyuma ya nyumba ndipo lilipo shamba alilotuachia baba: mikarafuu kiasi, migomba, na chini bondeni kipande cha mpunga, muhogo na mahindi.

Baba alikuwa na mbwa. Watu wa mjini hudhani Pemba hakuna mbwa. Wapo, ila wako mashamba, na wengi wana kazi yao, kulinda mazao yasiliwe na tumbili. Anayelima anajua tunasema nini. Tumbili haji peke yake, anakuja na ukoo. Anang'oa muhogo, anauma mara moja, anautupa, anang'oa mwengine. Ukimwekea sanamu, siku ya kwanza analiogopa, siku ya pili analizoea, siku ya tatu unamkuta amelikalia kichwani.

Mbwa wa baba aliitwa Simba, ingawa mwili wake haukuzidi wa mbuzi. Alilala chini ya dungu, na baba akilala juu yake wakati wa mpunga kuiva. Na baba hakuwa mtu wa kuchezea dini. Simba hakupanda ukumbini hata siku moja. Chombo chake kilikuwa kifuu cha nazi, na karibu na pipa la maji baba aliweka kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo safi, mfuniko juu. Mbwa akimlamba mkono, baba hapigi kelele wala hampigi mbwa. Anakwenda penye pipa, anaosha mara saba, moja kwa udongo, anarudi kwenye kazi yake. Tulikua tukiona hivyo, tukadhani kila nyumba ina kopo la udongo.

Kisha ukaja mwaka 2016. Tangu 2010 mbwa wa Pemba walikuwa wakichanjwa, na kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Watu wakapumua, na tuseme ukweli, wengine tukalala. 2016 kikarudi. Baadaye sana tulikuja kusoma kuwa wataalamu, wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Glasgow, walichunguza virusi vilivyotoka kwa mbwa waliokufa wakaona kuwa ugonjwa ule haukuwa mabaki ya zamani. Ulikuwa umeingia upya kutoka nje ya kisiwa. Umevuka bahari kama tunavyovuka sisi.

Simba hakuwa na chanjo. Siku walipopita wachanjaji tulikuwa na sare za skuli za kumaliza, baba alikuwa bondeni, na kila mtu alidhani mwenziwe atampeleka. Wiki kadhaa baadaye akarudi na jeraha shingoni, ameng'atwa na mbwa asiyejulikana. Jeraha likapona. Tukasahau. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa kavu kama ya mtu mwenye mafua. Akawa anauma mti, anauma mpini wa jembe. Na siku moja saa za laasiri akamng'ata mtoto wetu ndama ya mguu. Alikuwa na miaka sita.

Tulilolifanya tunaliandika kwa aibu. Tulimfunga kitambaa, maana vitambaa ndivyo tulivyo navyo, tukapaka manjano, mama akamsomea, tukangoja kuche. Asubuhi alipita bibi mmoja jirani, muuguzi mstaafu, amekuja kuulizia buibui lake. Alipoona ule mguu hakuuliza buibui tena. Alitutoa mbio na mtoto hospitali, huku akitusema njia nzima, na tulistahiki kusemwa.

Kwa hiyo dada zetu, kabla hatujaenda mbele: mtu aking'atwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile, usingoje kuche. Manjano acha ya pilau. Kidonda kikiwa kidogo kama ukucha pia nenda. Chanjo ikiwahi, inaokoa. Ugonjwa ukishajitokeza, mtu akaanza kuogopa maji, hakuna dawa. Inakadiriwa watu 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa duniani kila mwaka, na katika kila watu 10 wanaong'atwa na mbwa wa kushukiwa, 4 ni watoto wasiofika miaka 15. Mtoto wetu alipata sindano zake, zote kwa tarehe zake, na Alhamdulillahi akaishi. Tulimpeleka siku ya pili. Kuna wanaopeleka siku ya kumi.

Simba baba alimmaliza mwenyewe. Hakutaka vijana waje na mawe. Akamfukia mbali chini ya mwembe, shimo refu, akarudi akakaa barazani bila ya kula. Wiki ile mbwa wengi walipigwa huku kwetu, wagonjwa na wazima. Kopo la udongo nalo likatoweka penye pipa, na hatukuuliza. Baba alifariki 2019. Mwaka mmoja kabla yake ugonjwa ulikuwa umetokomezwa tena Pemba.

Nyumbani kwetu haukutokomezwa. Mtoto akisikia mbwa anabweka kijiji cha pili, haendi kisimani. Alifika darasa la tano bado hawezi kushuka bondeni peke yake. Mama hakutaka neno "mbwa" litajwe, akisema "yule mnyama". Na sisi, bila ya kujijua, tukaanza kuchanganya mambo mawili. Tulimwogopa mbwa kwa sababu ya kichaa, lakini tukiulizwa tulisema ni najisi. Jibu hilo halina mjadala, kila mtu anaitikia, na hakuna anayekuuliza siku ya chanjo ulikuwa wapi. Miaka minane tulikaa na jibu hilo. Tumbili nao wakala. Msimu mmoja bonde zima la muhogo hatukupata hata gunia moja.

Masika ya 2024 mtoto alikuwa na miaka 14. Siku moja baada ya mvua alikuja mbio mpaka ukumbini, amelowa, tukajua kuna baya. Akasema kuna mbwa kule juu ya bonde, amenasa kwenye mtego wa waya. Tukamwambia arudi ndani. Akasema, "Mama, hang'ati. Ananiogopa." Tulitazamana. Mtoto aliyekuwa hapiti njia yenye nyayo za mbwa alikuwa amekaa na kumtazama mmoja, kwa mbali, mpaka akajua kuwa naye anaogopa.

Hatukumgusa. Hilo tulikuwa tumeshajifunza. Tulimpigia simu afisa mifugo, akaja jioni na pikipiki, glavu mkononi na koleo. Waya ulikuwa umeingia kwenye nyama ya mguu wa mbele. Alimfunga mdomo kwanza, akakata waya, akasafisha, akamchoma sindano. Akatuuliza mbwa wa nani. Tukasema hana mwenyewe. Akauliza tena, safari hii kwa upole, kama mtu anayekupimia nguo na kuona umepungua: "Basi atakaa wapi?"

Mtoto akajibu kabla yetu. Akasema chini ya dungu la babu.

Mama hakusema na sisi siku tatu. Alipika, akatupakulia, akaingia chumbani. Siku ya nne akasema, "Yule mnyama alimtafuna mjukuu wangu." Tukamwambia si huyu. Akasema, "Kwangu ni huyo huyo." Na mmoja wetu alikuwa upande wake, msidhani tulikuwa kitu kimoja. Mmoja alisema apone aende zake, mwengine alisema akienda zake kwa mguu ule atakufa. Cherehani zilinguruma siku nzima na hakuna aliyezungumza.

Tukaenda kwa maalim. Tulimweleza yote, na la cherehani, na la nguo za watu. Alituuliza swali moja tu la mwanzo: mnamtaka wa nini? Tukasema wa shamba. Akatueleza yale ambayo baba aliyajua bila ya kuyahubiri. Anayefuga mbwa bila ya haja hupungukiwa na ujira wake kila siku, na Mtume (SAW) amewatoa katika hukumu hiyo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Akasema, "Basi kama ni wa shamba, awe wa shamba kweli. Asiwe wa ukumbini kwa jina la shamba." Na unajisi, akasema, sisi wafuasi wa Imamu Shafi tunajua namna ya kuuosha, mara saba na moja iwe kwa udongo, wala huko kwa Imamu Malik mbwa aliye hai si najisi, kwa hiyo tusiwaone watu wa nchi nyengine kuwa wamepotea. Kikavu kikigusa kikavu hakipitishi unajisi. Na kumdhuru mnyama hakuna imamu aliyekuruhusu.

Tulipokuwa tunaaga akatukumbusha yule mwanamke katika hadithi ya Bukhari na Muslim, mwanamke wa sifa mbaya, aliyemwona mbwa anazunguka kisima kwa kiu. Akavua kiatu chake, akakifunga kwa mtandio wake, akamtekea maji, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Hadithi hiyo tuliisoma chuoni tangu utotoni. Lakini mtandio hatukuwahi kuufikiria. Sisi tunaoshona mitandio. Mwanamke amevua nguo ya kichwani akaifanya kamba.

Kwa mama maalim alituma salamu na swali: katika Suratul Kahf mbwa ametajwa mara ngapi? Mama anaisoma kila Ijumaa, tangu kabla hatujazaliwa. Ijumaa ile alikaa na msahafu muda mrefu kuliko kawaida yake. Ametajwa mara nne, mara moja akiwa amenyoosha miguu yake mlangoni mwa pango, na mara tatu akihesabiwa pamoja na wale vijana. Mama hakutuambia kuwa amehesabu. Jumamosi tulikuta kifuu chini ya dungu kina ukoko wa wali na vichwa vya dagaa. Na penye pipa, kopo la baba. Mfuniko umeshika kutu. Alikuwa nalo muda wote kwenye kasha lake, katikati ya kanga.

Sasa kazi. Tumezungushia uzio baina ya migomba na nyumba, na mbwa hapiti. Nguo zilizokatwa na zilizokwisha zinakaa kabatini, milango imefungwa, hata kipande cha bitana hakilali ukumbini. Mtoto ndiye anayemlisha, naye ana nguo zake za shamba ambazo haingii nazo ndani. Chanjo yake tunairudia kila mwaka na kadi tumeibandika ukutani juu ya cherehani, pale wenzetu wanapobandika picha za mitindo. Mteja akitaka kuiona aione.

Hata hivyo wateja walipungua. Ramadhani ya 2024, kabla ya mbwa, tulishona majuba sabini na kitu. Ya 2025 hayakufika hamsini. Hakuna aliyetutukana. Watu wa Pemba hawatukani, wanapeleka kitambaa kwa fundi mwengine na wakikukuta njiani wanakuuliza hali kwa mapenzi yote. Bi mkubwa mmoja, tuliyemshonea tangu tunajifunza kupiga bitana, alikuja kuchukua juba lake ambalo hata halijakatwa. Akasema si kwa ubaya, moyo wake tu hautulii. Tukamkunjia kitambaa chake tukampa. Usiku ule tulikuwa na marejesho ya kikundi cha kukopa, na hesabu haikutimia. Ugomvi wa mwaka jana ukarudi. Mmoja wetu akasema wazi: tumtafutie mkulima mwengine, sisi hatuwezi kulipa mkopo kwa huruma.

Tulikuwa bado tunabishana pale mtoto alipochukua tochi akashuka bondeni. Ilikuwa baada ya isha, giza totoro. Alikwenda kutazama kama tumbili wameharibu kamba za uzio. Peke yake. Tulimsikia anapiga mluzi kule chini, na mbwa anajibu. Tukaacha kubishana. Mwezi ule tulilipa mkopo kwa mahindi. Kwa mara ya kwanza tangu baba, yalikuwepo mahindi ya kuuza.

Jina hatukumpa. Tulihofia ukimpa jina umekwisha. Lakini watoto wanaopita kwenda chuoni walikuwa wakimwita mbwa wa fundi, kisha wakachoka na urefu wakamwita Fundi, na sasa hilo ndilo analoitikia. Anachechemea mguu wa mbele. Akimwona tumbili anasahau kama anachechemea.

Yule bi mkubwa amerudi. Idi ya mfungo tatu mafundi wengine walikuwa na foleni, na yeye, Mungu amweke, hataki juba lililokaa vibaya begani. Haingii uani. Anasimama barabarani chini ya mnazi, kitambaa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mkoba, anaita kwa sauti yake yote:

"Fundi! Ee Fundi!"

Sisi tunainuka ukumbini, na kule nyuma ya uzio mbwa anainuka, anabweka mara moja.

"Si wewe!" anamjibu. "Kaa huko huko na kazi yako. Waite wenzio waje wanipime."